Setilaiti Hainywi Chai

Jumatatu, 12 Januari

Kiwanda cha sukari kimepata jicho la angani. Leo wakulima wote wa miwa wa Nimbgaon tumekalishwa kwenye uwanja wa hekalu, bibi shamba wa kiwanda akatueleza. Anaitwa Aparna Sutar. Binti mwembamba, sauti ya mwalimu mkuu. Kasema kuanzia msimu huu zamu ya kukatiwa miwa haipangwi tena kwa tarehe ya kupanda tuliyojiandikia wenyewe. Inapangwa na setilaiti. Inapita juu yetu kila baada ya siku chache, inapiga picha, na kila shamba linaonekana kwenye simu kwa rangi yake. Kijani, miwa bado. Njano, imeiva, ikatwe. Nyekundu, imepitiliza.

Pigo! Miaka yote mimi hujiandikia kwamba nimepanda Juni. Hupanda Agosti. Kisha humkaribisha afisa chai na vitafunio, naye huiona Juni kwa macho yake mwenyewe. Utaratibu mzuri, haukumdhuru mtu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu kama mwenye kuendesha hiyo setilaiti anaweza kukaribishwa nyumbani. Bibi shamba akajibu kwamba setilaiti hainywi chai. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kufikia jioni utani ulikuwa umeshamfikia Dagdu kitandani kwake. Nilimsikia akicheka kutoka upande wangu wa tuta. Mtu ana ugonjwa wa moyo, daktari kamkataza kupanda hata ngazi, lakini kunicheka hakukatazwa.

Dagdu ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Shamba lake na langu yametenganishwa na tuta moja la udongo. Baba yake alisema tuta ni lake. Baba yangu alisema ni lake. Wote wawili walishafariki, tuta liko palepale.

Nimefungua simu. Shamba langu ni kijani kama kasuku. Sababu naijua. Mwezi wa tisa nilimwaga mbolea mara mbili ili miwa yangu iipite ya Dagdu kwa urefu. Ikaipita. Sasa haitaki kuzeeka.

Na hili si jambo dogo. Rohini, binti yetu wa pekee, anaolewa tarehe 22 Februari. Nimemwambia baba wa bwana arusi, Mzee Jagdale, tena mbele za watu, kwamba hema la arusi litasimama kwenye ardhi yetu wenyewe, kando ya barabara. Ardhi hiyo ndiyo hiyo yenye miwa. Kujikatia siwezi. Miwa isiyo na kibali kiwanda hakiipokei, na wakata miwa hawagusi shamba lisilo na kibali. Isipokatwa, hema nitalisimamisha wapi? Kichwani?

Shevanta, mke wangu, kasema uwanja wa hekalu upo, una kivuli, na hauna mwenyewe wa kununa. Nimemwambia mwanamume hatoi neno akalirudisha. Akaniuliza ni neno gani nimewahi kutoa nisilirudishe. Nimekwenda kulala.

Jumatano, 14 Januari

Sikukuu ya Sankranti. Leo lazima umpelekee kila mtu kashata ya ufuta na sukari guru, umwambie ale kitamu na aseme maneno matamu. Kila mtu maana yake kila mtu. Shevanta akanisukuma mpaka barazani kwa Dagdu.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, kofia nyeupe kichwani, blanketi mpaka kidevuni. Amekonda. Sikupenda kumwona vile, nasema kweli. Halafu akafungua mdomo.

“Karibu, mdogo wangu. Umekuja peke yako, au umeongozana na setilaiti?”

Nikatabasamu, maana ni sikukuu. Nikamwambia, “Kula kitamu, kaka, useme maneno matamu.” Akala. Akasema kwa utamu kabisa kwamba miwa yangu ni mirefu lakini haina akili, kama mwenyewe.

Nimepata habari moja kubwa. Miwa ya Dagdu imeiva yote, imetoa mpaka maua juu. Lakini haimo kwenye zamu! Ili shamba liingie kwenye ramani ya kiwanda, mwenyewe lazima alizunguke ukingoni akiwa na simu mkononi mpaka mstari ukutane pale ulipoanzia. Dagdu haruhusiwi kutembea hivyo. Mwanawe yuko mjini Pune, anakuja wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo imeanza tangu sikukuu ya Diwali, mwaka jana. Thaku, mkewe, anaogopa simu zisizo na vitufe. Na miwa iliyotoa maua haingoji mtu, inakauka ndani na kubaki fimbo.

Nikamuuliza kwa utamu kama anahitaji msaada. Akajibu kwa utamu kwamba hahitaji msaada wa mtu yeyote wa upande ule wa tuta. Thaku akainamisha macho. Tukaendelea kutafuna ufuta.

Jumamosi, 17 Januari

Nimempigia bibi shamba. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, jinsi ya kuivisha miwa haraka. Kasema huyo rafiki aache kumwagilia. Miwa ikikosa maji huacha kukua na kuanza kuweka sukari. Rahisi!

Leo ilikuwa zamu yangu ya maji ya mfereji. Sikufungua lango. Nikakaa ukingoni nikiwa nimeridhika kabisa. Maji yangu yakanipita, yakakata kona, yakaingia kwa Dagdu. Dagdu ambaye wala hayahitaji. Niliyatazama. Maji mazuri, masafi, na zamu ni yangu kihalali. Nikavumilia mpaka chai ikaisha kwenye chupa.

Kisha nikafungua lango. Shamba limeshiba mpaka pembeni. Limekuwa kijani zaidi.

Jumatano, 21 Januari

Jana nilipanda basi kwenda Jejuri kumwona mungu wetu Khandoba. Watu humrushia unga wa manjano makonzi kwa makonzi, mpaka ngazi, kuta na vichwa vya watu vyote vinang'aa dhahabu. Nikasimama pale juu nikaangalia mlima mzima ulivyobadilika rangi. Wazo likanijia. Kama mlima unawezekana, shamba moja linashindikana vipi? Nikanunua gunia zima. Shevanta aliponiona nalo nikamwambia ni nadhiri. Alifurahi sana. Kasema ni mara ya kwanza naenda kwa Mungu bila kusukumwa.

Leo asubuhi nimeegesha mkokoteni kando ya shamba, nikapanda juu yake, nikaanza kurusha. Konzi la kwanza lilitua vizuri. Konzi la pili upepo ukageuka, gunia nalo likapinduka.

Ng'ombe wangu mweupe sasa ni wa njano. Nguo zote za Shevanta kambani ni za njano. Mimi ni wa njano mpaka masikioni. Miwa iko vilevile. Na bibi shamba akachagua saa hiyohiyo kupita na pikipiki yake! Akazima injini. Akanitazama, akamtazama ng'ombe. Akauliza kama kuna arusi hapa. Nikasema ipo, mwezi ujao. Akasema kwa kawaida anayepakwa manjano ni bibi arusi, siyo baba yake.

Halafu akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba setilaiti haiangalii miwa kwa macho kama yetu. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye jani, pamoja na ule ambao sisi hatuuoni. Jani changa linaujibu mwanga kichanga. Akawasha pikipiki. Nimebaki na robo gunia.

Jumamosi, 24 Januari

Leo nimefanya kazi ya akili. Naandika polepole nisisahau chochote.

Miwa yangu ni kijani lakini imo kwenye ramani. Miwa ya Dagdu ni njano lakini haimo. Setilaiti haijui ya nani ni ipi. Inajua mstari tu. Sasa kama mstari wenye jina langu ukizunguka miwa iliyoiva, je? Jina langu linapanda juu kwenye zamu. Wakata miwa wakishafika kijijini nawaonyesha shamba langu mwenyewe, wanakata, wanaondoka. Dagdu hapungukiwi hata muwa mmoja. Wizi hapa uko wapi?

Nikachagua saa ambayo watu wanakula. Viatu nilivua, maana soli zangu za tairi la lori zinajulikana kijiji kizima. Simu ikauliza kama nafuta mstari wa zamani. Nikasema ndiyo. Nikaanza kona ya barabara, taratibu, simu mbele ya kifua, nikifuata ukingo wa shamba la Dagdu. Tuta nililiweka ndani ya mstari. Nilikuwa nimebakiza upande mmoja tu nilipomwona Thaku amesimama na ndoo yake, mdomo wazi.

Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Unga wa manjano! Nikarusha konzi kwenye miwa na kutamka jina la Khandoba.

“Shemeji,” Thaku akasema, “unafanya nini?”

Nikasema ni kwa ajili ya kaka. Nini tena ningesema?

Ndoo ikamwanguka. Kumbe yeye aliona mtu hana viatu, ana unga wa Jejuri, analizunguka shamba la mgonjwa huku mikono kaiweka kifuani kama anayesali. Akalia. Akasema amekuwa akiomba miaka na miaka tuta lile lisiwatenganishe ndugu. Kisha akanikumbusha kwamba nadhiri ya namna hii ni mizunguko mitano.

Mstari ulikutana mwisho wa mzunguko wa kwanza. Simu ikalia kwa furaha. Mizunguko minne iliyobaki nimeitembea bure, juani, kwenye visiki, Thaku akinifuata nyuma akiimba.

Jumanne, 27 Januari

Njano! Shamba la Namdev Kharade, yaani mimi, ni njano safi, njano ya kiini cha yai! Setilaiti imepita na imeridhika. Kibali kimetoka, wakata miwa wanakuja wiki ijayo.

Nimemwonyesha Shevanta. Akatazama simu, akatazama dirishani, akatazama simu tena. Akasema, “Baba Rohini, umefanya nini?” Nikamwambia sayansi.

Miguu bado imevimba. Thaku kaleta mafuta ya kuchua na chapati tamu za dengu, zile zinazopikwa sikukuu tu. Nimekula zote. Ni haki yangu, nimetembea.

Jumanne, 3 Februari

Leo sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyohivyo.

Wakata miwa waliingia alfajiri na mikokoteni yao, waume kwa wake, mapanga mabegani. Mnyapara wao ni Gahininath kutoka Beed, mtu mpole mwenye masharubu makubwa. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya shamba langu na nazi ya kupasua na ubani unawaka. Wakanisalimia vizuri. Wakanipita. Wakaingia kwa Dagdu.

Nikakimbia. Nikamwambia Gahininath shamba ni hili, siyo lile. Akatoa simu, akanionyesha doa la buluu, ambalo ni yeye, katikati ya mstari, ambao ni mimi.

“Hapa ndipo kwako, baba,” kasema. “Mzee mwenzangu, umesahau shamba lako?”

Nikasema simu imekosea. Akasema simu haina sababu ya kumdanganya, ila mimi hanijui. Wake zao wakacheka. Na panga la kwanza likashuka.

Ningeweza kuwazuia. Ilitosha kusema kweli. Nilifungua mdomo mara kadhaa, ikatoka mvuke tu, maana kulikuwa na baridi. Miwa ya Dagdu ikaendelea kulala chini, safu baada ya safu. Na mimi nazi mkononi.

Halafu nikamwona mwenyewe. Anakuja, kamwegemea Thaku, blanketi mabegani, anahema. Nikasema leo nimekwisha. Nikawaza Rohini, jinsi watu wa Jagdale watakavyosikia kwamba baba yake ni mwizi wa miwa ya mgonjwa, na nikaona aibu kweli, aibu ya kutamani ardhi ipasuke niingie.

Dagdu akafika. Akaangalia shamba lake. Akaniangalia. Akanikumbatia!

“Mdogo wangu,” kasema, machozi yanamtoka, “ulijua sitaomba.”

Ameshajieleza kila kitu mwenyewe, akawageukia wakata miwa kuwasimulia. Eti Namdev aliona miwa yangu inakauka. Eti alijua mimi ni mbishi, sitakubali msaada. Akalizunguka shamba langu, akaliingiza kwenye zamu kwa jina lake, akalifuta la kwake mwenyewe, la kwake! Ili la kaka yake lipone. Wakata miwa wakasimama kusikiliza. Gahininath akavua kilemba. Mwanamke mmoja akapangusa macho kwa ncha ya sari.

Nikasema si kitu, kaka. Nazi nikapasua palepale, kwa Dagdu, maana ilikuwa imeshafika.

Alhamisi, 5 Februari

Bibi shamba kaja na tableti yake. Akasimama kwenye tuta, akatazama kushoto, miwa yangu ya kijani. Akatazama kulia, visiki. Akanitazama mimi. Huyu binti anajua. Nimeona kwamba anajua.

Dagdu akawahi kumweleza ile hadithi ya ndugu. Siku hizi anaisimulia vizuri zaidi, mizunguko imekuwa kumi na moja na kuna mwiba. Bibi shamba akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Bwana Namdev, siku nyingine ukitaka kutenda wema, tuambie kabla.” Akahamisha stakabadhi zote za kiwanda ziende kwa Dagdu, na akalirudisha shamba langu kwenye ramani. Linaingia kama geni. Mwisho wa zamu, nyuma ya kijiji kizima.

Mwisho wa zamu ni Machi. Arusi ni Februari. Nimehesabu upya nikitumaini miezi imebadilika.

Jioni Shevanta akasema tena uwanja wa hekalu. Rohini alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso kwamba yeye angeolewa hata kwenye kituo cha basi, mradi mimi niache kupanda mikokoteni. Moyo uliniuma. Ni mtoto mzuri. Sijui kamrithi nani.

Ndipo Dagdu akapiga kelele kutoka barazani, kuvuka tuta.

“Namdev! Shamba langu liko wazi, kando ya barabara, tambarare. Hema la mtoto wetu unalipeleka wapi?”

Ilikuwa bora aseme nife. Arusi ya binti yangu upande ule wa tuta! Baba yangu atageuka huko aliko. Nikatafuta sababu. Sikuipata. Shevanta alishajibu ndiyo kabla sijageuza kichwa.

Jumatatu, 23 Februari

Arusi imepita salama. Nimechoka lakini nitaandika.

Hema lilisimama kwenye shamba la Dagdu, visiki vimefukiwa, mazulia juu. Nyuma yake miwa yangu ikasimama ukuta mzima, mirefu, kijani, haina hata jani kavu. Mpiga picha akasema hajawahi kupata pazia zuri namna ile. Watu wa Jagdale wote wakapiga picha mbele yake. Ile mbolea ya Septemba haikupotea bure!

Mzee Jagdale akanivuta pembeni, akauliza kama hapa ndipo kwangu kama nilivyoahidi. Nilikuwa bado natafuta jibu Dagdu aliposema kutoka kitini, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba hii ni ardhi yetu, ya Kharade, na tuta ni la maji tu.

Nikageuka kutazama majiko. Moshi ulikuwa mwingi. Wakati wa kumuaga Rohini nililia, na hapo sisingizii moshi. Dagdu alinishika bega muda wote. Mkono wake ni mwepesi siku hizi.

Baadaye nikakumbuka kwamba ameyasema yale mbele ya kijiji kizima. Sasa hata nikidai tuta nitaonekana mtu mbaya. Mjanja sana yule mzee.

Jumanne, 24 Machi

Miwa yangu imekatwa wiki iliyopita, ya mwisho kabisa. Jua la Machi liliikausha ghafla, kwenye simu ikawa nyekundu. Mkononi ilikuwa ufagio. Gahininath akanipa pole, akasema mtu mwenye moyo kama wangu Mungu hamsahau.

Bibi shamba katangaza kwamba mistari yote inafutwa. Msimu mpya, kila shamba lizungukwe upya, kwa mpaka wake halisi. Neno halisi alilisema akinitazama.

Dagdu ana nafuu, anatembea mpaka hekaluni na kurudi. Shamba zima bado hawezi. Mwanawe anakuja wiki ijayo. Leo asubuhi kaniita, akaniwekea simu yake mkononi. Akasema hamwamini mtu mwingine. Nimzungukie la kwake, kisha langu. Akaniita mdogo wangu. Nikaifuta simu kwa ncha ya shati, mara mbili.

Nikavua viatu, maana watu wameshazoea kuniona hivyo. Nikazunguka shamba lake kwa uaminifu kabisa, upande wa barabara, upande wa mfereji, upande wa kisima. Nikafika kwenye tuta. Upepo mzuri. Visiki vimeanza kuchipua pande zote mbili, huwezi kujua kipi cha nani. Baba yangu alisema siku zote lile tuta ni letu, na hakuwa mtu wa kusema ovyo. Mstari ulihitaji kupita mahali fulani. Nikaupitisha upande wao kidogo, tuta likabaki kwetu.

Nikamwona Thaku kwa mbali, mlangoni kwake. Aliniona niko peku, simu kifuani. Akaweka ndoo chini, akakunja mikono, akainamisha kichwa kuniombea.

Nikampungia. Kisha nikasogea hatua moja zaidi, upande wao.